Sikio na Orodha: Sister Rosetta Tharpe Miongoni mwa Magwiji wa Gitaa

Katikati ya miaka ya 1960, mtu asiyejulikana aliandika kwenye ukuta mmoja wa London kwamba Clapton ni Mungu. Katika picha mashuhuri ya maandishi hayo anaonekana pia mbwa akiulowesha ukuta, na huenda huo ndio uhakiki wa kwanza wa kauli hiyo. Eric Clapton mwenyewe alikuwa bado hajatimiza miaka 25. Tangu wakati huo mjadala kuhusu nani gwiji wa gitaa la roki haujapoa, na majarida yameugeuza kuwa utanzu kamili wa uandishi wenye kanuni zake: orodha.

Jarida la Marekani la Rolling Stone limechapisha orodha kubwa tatu za aina hiyo. Ya mwaka 2003 ilikuwa kazi ya mhakiki mmoja, David Fricke. Ya 2011 ilitokana na kura za jopo la wanamuziki na wataalamu. Ya 2023 ilitanuka kutoka majina 100 hadi 250. Katika zote tatu Jimi Hendrix alishika nafasi ya kwanza. Clapton, aliyekuwa wa nne mwaka 2003 na wa pili mwaka 2011, hakuonekana hata katika kumi bora za 2023. Mungu alishushwa cheo, na si kwa sababu alipiga vibaya zaidi kuliko zamani.

Mabadiliko yanayostahili kuchunguzwa zaidi, hata hivyo, ni ya marehemu. Sister Rosetta Tharpe alizaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, akafariki Philadelphia mwaka 1973. Jina lake halikuwamo katika 100 za 2003, wala katika 100 za 2011. Mwaka 2023 aliibuka wa sita. Katika miaka hiyo 20 hakuongeza noti hata moja katika kazi yake. Kilichobadilika ni sikio, na swali la kihakiki ni kama sikio hilo lilizibuka au lilishurutishwa.

Ili kulijibu, ni lazima kwanza kuuliza orodha hupima nini. Anayedai kwamba mshairi fulani amewapita wenzake hutakiwa aonyeshe ni kwa lipi: kwa fani, kwa maudhui, au kwa namna hivyo viwili vinavyobebana. Orodha hutoa hukumu na kuificha sheria iliyotumika. Lakini ukiyatazama majina yanayozoea kukaa juu, sheria hujifichua yenyewe. Kinachopimwa ni solo: mpigaji ajitenge na bendi, apewe nafasi ndefu, aonyeshe kasi na wepesi wa vidole. Kielelezo chake ni “Eruption” ya Eddie Van Halen ya mwaka 1978, kipande kisichofika hata dakika 2 ambamo vidole vya mikono yote miwili hucheza juu ya shingo ya gitaa. Ni kazi ya ajabu, na hakuna haja ya kuidogosha. Hata hivyo, mizani hiyo haiwezi kueleza kwa nini Keith Richards alishika nafasi ya nne mwaka 2011. Uwezo wake umo katika ridhimu, mara nyingi kwa gitaa aliloliondolea uzi mmoja likabaki na nyuzi tano. Wapiga kura walisikia jambo ambalo kipimo chao hakikuwa na jina la kuliita. Shairi huweza kukosa guni hata moja na bado likawa baridi, kadhalika solo.

Tharpe hakulelewa katika utamaduni wa solo. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri na mwimbaji katika Church of God in Christ, na binti alianza kuimba na kupiga gitaa kanisani akingali mtoto. Katika ibada ya namna hiyo chombo hakipewi zamu ya kujionyesha. Kazi yake ni kuitikia. Mwaka 1938 alipoirekodia kampuni ya Decca “Rock Me”, alikuwa peke yake na gitaa lake, na tayari mtindo ulikuwa umekomaa: sauti inaanza sentensi, gitaa linaimalizia. “Strange Things Happening Every Day”, aliyoirekodi mwaka 1944, ilifika nafasi ya pili katika chati ya Billboard ya muziki wa watu weusi mwaka 1945. Sahani ya kwanza ya Chuck Berry, ambaye orodha ya 2023 imemweka wa pili, ilitoka miaka 10 baadaye.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni filamu iliyopigwa na televisheni ya Granada huko Manchester, Mei 1964, katika kituo cha reli kilichokuwa kimefungwa. Wasikilizaji, wengi wao vijana wa Kizungu, wameketi kwenye jukwaa moja la abiria. Wanamuziki wako jukwaa la pili, na katikati yao kuna reli. Mvua imenyesha. Tharpe anawasili kwa gari la farasi akiwa amevaa koti, anavaa mkanda wa gitaa jeupe la umeme, na anaimba “Didn’t It Rain”, wimbo wa gharika ya Nuhu. Solo yake ni fupi. Hakuna ndani yake kitu ambacho mwanafunzi mwenye bidii wa leo hawezi kukijifunza kwa mwezi mmoja. Lakini haitoki nje ya wimbo hata kidogo: inaingia pale pale sauti ilipoachia, inasisitiza neno ambalo halikutamkwa, kisha inarudisha zamu kabla msikilizaji hajatambua kwamba mzungumzaji alibadilika. Anayeisikiliza akitafuta kasi ataona mwanamke mchangamfu anayepiga vizuri. Anayeisikiliza akitafuta mazungumzo atabaini kwamba magwiji wengi walio juu au chini yake hawakuwahi kulifanya jambo hilo kwa ustadi huo, kwa kuwa wengi wao walikuwa na mtu mwingine wa kuwaimbia.

Ndiyo maana kambi mbili zilizozuka kuhusu nafasi yake ya sita hazitoshelezi. Ya kwanza inadai kwamba amewekwa pale ili kuziba aibu ya orodha mbili za awali, ambazo katika majina 100 kila moja ilikuwa na wanawake wawili tu. Inawezekana kabisa kwamba aibu hiyo ilichangia. Lakini nia ya mpiga kura haibadilishi kilichorekodiwa mwaka 1944, na anayepinga analazimika kukisikiliza kwanza. Kambi ya pili ina hatari zaidi kwa sababu inasema kwa upendo. Humwita mama wa roki, mwasisi, chimbuko. Hata Rock and Roll Hall of Fame ilipomwingiza mwaka 2018, ilimpa nafasi katika fungu la waliotangulia kuathiri wengine. Mhenga huheshimiwa kwa sababu ya wajukuu wake: Tharpe anatajwa ili ieleweke Elvis Presley alitoka wapi. Heshima ya namna hiyo humwepusha mtu na matusi, na pia humwepusha na kusikilizwa. Baada ya kuzikwa Philadelphia, kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina, huku wajukuu wakiimba.

Kumsikiliza kama mpigaji kunadai pia kukiri upungufu wake. Misemo yake ya gitaa hujirudia kutoka rekodi moja hadi nyingine, na zile alizosindikizwa na bendi kubwa ya Lucky Millinder humwachia gitaa nafasi finyu. Nafasi ya sita inaweza kubishaniwa kwa haki. Ila kipimo kinachomwingiza ni kile kile kinachomweka Hendrix wa kwanza, ijapokuwa washabiki wa Hendrix hutaja zaidi vidole. Asubuhi ile ya Agosti 1969 huko Woodstock, alipopiga wimbo wa taifa wa Marekani huku gitaa likilia kama mabomu, wapo waliokuwa na kasi kumzidi. Alichowapita ni maudhui: chombo kilisema jambo kuhusu vita vya Vietnam bila neno lolote kuimbwa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai 1969, Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Kiswahili kutoka Katanga, alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Rhode Island. Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikabeba solo, na juu yake aliimba. Msomaji wa Kiswahili atashawishika kudai jina lake liongezwe kwenye orodha ijayo. Bosco hakuwa mpiga roki, na kumwongeza huku mizani ikibaki ile ile kungempeleka kwenye fungu la wahenga, alikokuwa amewekwa Tharpe. Dai lenye maana zaidi ni kwamba wapiga kura waeleze, kabla ya kutaja jina lolote, walikuwa wakisikiliza nini.