Shairi Huru Lina Nini?

Mwalimu mwenzangu, chukua karatasi za majaribio za kidato cha nne, utafute swali linalomtaka mtahiniwa aeleze umbo la shairi huru. Aghalabu jibu ni hili: halina vina, mizani hailingani, mishororo haitoshani, halina kibwagizo. Hoja nne, zote za ukosefu. Ni sawa na kumweleza mgeni nyumba yako kwa kuhesabu vyumba isivyokuwa navyo.

Jibu hili halikuanzia darasani. Mnamo 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi*, na kanuni za vina na mizani zikapata nguvu ya sheria iliyoandikwa. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyojifunga na kanuni hizo. Wanamapokeo wakasema hayo si mashairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Wanausasa wakajibu kwamba arudhi ni pingu. Yaliyoachwa yalizungumzwa sana. Yaliyowekwa mahali pake yakazungumzwa kidogo, na mtahiniwa wetu amerithi upungufu huo.

Pande zote mbili zilitia chumvi. Anayeiita arudhi pingu na asome *Sauti ya Dhiki* (1973), tungo ambazo Abdilatif Abdalla aliziandika akiwa kifungoni nchini Kenya kwa sababu za kisiasa. Arudhi imezingatiwa barabara, na sauti ya mshairi haikuzibwa. Wanamapokeo nao walisahau kuwa mapokeo hayakuwa na umbo moja: utenzi wenye mizani minane kwa mshororo si sawa na shairi la mizani 16. Hata hivyo, hofu yao ilikuwa na msingi. Walichelea kwamba mtu angevunja sentensi vipande vipande na kujiita malenga. Wapo waliofanya hivyo, na wangali wapo.

Basi tutawatofautishaje? Tazama mistari hii niliyoitunga kwa ajili ya somo hili tu:

Maji yamekuja
          maji
                    yameondoka
na mtungi wetu bado uko mlangoni.

Mtahiniwa akisema "halina vina", amesema kweli na hajasema lolote. Mwulize kwa nini neno "maji" limerudiwa, tena limeachwa peke yake. Mwulize mbona "yameondoka" limesukumwa ukingoni; je, jicho lake halikuyafuata maji yakienda zake? Mshororo wa mwisho ndio mrefu kuliko yote, na umerudi pale ulipoanzia wa kwanza: mtungi haukuondoka. Hapo pana takriri, pana mshata, pana taswira ya watu waliosubiri wakapitwa, na umbo limebeba maana. Sasa jaribu kuiandika mistari hiyo kama sentensi moja ya kawaida. Kuna kitu kitapotea. Sentensi iliyokatwakatwa ovyo haipotezi kitu ikiunganishwa, na kipimo hicho mwanafunzi anaweza kukitumia mwenyewe.

Mtahiniwa, usiache kutaja kwamba vina havipo. Swali la umbo hulihitaji jambo hilo. Litaje kwa sentensi moja, kisha uhamie kwenye kilichopo. Nawe mwalimu, ingia darasani na *Bara Jingine* (2001) ya Kithaka wa Mberia. Mpe mwanafunzi mmoja asome shairi kwa sauti, akitua kila mshororo unapokatika, wenzake wakifunga vitabu. Waulize walisikia kimya wapi, na kwa nini hapo.