Hassan Fathy na mvua ya Kanyabayonga

Wasomi wenzangu, kila mara mtu akiandika juu ya nyumba za asili na maendeleo ya kudumu, lazima amtaje Hassan Fathy. Nimesoma kitabu chake Construire avec le peuple (1970), njo niseme yangu kama mtu wa kilimo.

Fathy, Mmisri, alianza mwaka 1945 kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor: matofali ya udongo na majani makavu, mapaa ya duara bila mbao, juu mbao zilikuwa haba kule. Hiyo ni akili kubwa. Lakini watu wengi wa Gourna ya zamani walikataa kuhamia, na kitabu kinalaumu zaidi maofisa kuliko ramani yenyewe. Hapo ninamkatalia.

Jawabu lake ni la nchi kavu. Huku kwetu Kanyabayonga mvua haina mchezo. Wazee walikandika udongo kwenye miti na mianzi, wakaacha nyasi za paa zishuke chini sana, ukuta usilowe. Paa njo lilikuwa linalinda udongo. Kisha manjanja yakaja. Bei iko juu, kila mtu anabana, paa linaishia pale pale ukutani, mvua inapiga, ukuta unabomoka, halafu tunasema udongo hauna nguvu. Apana! Paa ni fupi.

Na wale wanaotuambia turudi kwenye nyasi, watuonyeshe zitaota wapi. Zilikuwa zinatoka kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Leo shamba gani linapumzika? (Matofali ya kuchoma nayo yanakula kuni, tunajua.)

Tena kuna vita. M23 iliingia Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024. Mama aliyekwisha kukimbia mara moja anajua manjanja yanaweza kushushwa na kubebwa. Nyasi zinawaka tu. Akichagua manjanja hajadharau mila, amepiga hesabu. Hesabu ya namna hiyo Fathy hakulazimika kuifanya.

Kwa hiyo mimi kwake ningechukua ukuta wa udongo tu, duara nimwachie. Chini msingi wa mawe, juu manjanja yatokeze karibu mita moja nje ya ukuta. Kabla ya kuandika mradi mwingine, mtu aende kwa fundi aulize hayo manjanja ya ziada ni ngapi kwa nyumba ya vyumba viwili.