Hofu ya Mezani na Hofu ya Mtoni

Vijana wenzangu, kumtisha mtu si kazi. Zima taa, piga kelele, basi. Kazi ni kumtisha mtu halafu kesho akuombe umtishe tena. Mimi mara ya kwanza nilishindwa, hapahapa Kitaya, kwa hiyo leo najihakiki mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni wa ukoo wa Call of Cthulhu, uliotungwa na Mmarekani Sandy Petersen mwaka 1981. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali, mchezaji anasema atafanya nini, dadu inaamua kama amefaulu. Hadithi inaanza na kwisha usiku uleule.

Basi nikaandika kurasa kumi na mbili, bwana! Wavuvi, mtumbwi, ukungu wa Ruvuma. Hata wa kufa nilishawachagua. Mchezaji mmoja akasema, "Mimi narudi nyumbani." Nikamkatalia. Kumbe pale ndipo nilipoua mchezo. Mhusika asiye na hiari haogopi, anasubiri tu ukurasa ufike.

Kosa la pili ni zito zaidi. Niliweka watu wanaovuka mto usiku na kuchoma nyumba. Nikajisifu, eti uhalisia. Meza ikanyamaza. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji, wakavamia Kitaya, wakaua, wakachoma nyumba. Mwenzetu mmoja akainuka. "Hii siyo hadithi, kaka," akasema, akatoka.

Je, tusiandike ya 2020? Tuandike, tena sana! Lakini tujue tofauti ya fani. Msomaji wa riwaya akilemewa hufunga kitabu. Mchezaji anatazamwa usoni na kuulizwa, "Sasa unafanya nini?" Kumuuliza hivyo mtu ambaye usiku ule hakuwa na la kufanya ni ukatili, hata kama sentensi zako ni tamu.

Wazee walilijua hili. Mtambaji husema "Paukwa" na kusubiri aitikiwe "Pakawa", yaani hadhira imekubali kuingia. Kwenye ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mwenye kinyago anatisha kweli, watoto wanakimbia, lakini uwanja unajulikana na ngoma ina mwisho. Hofu ya sanaa inataka ruhusa, mipaka na mlango wa kutokea.

Mara ya pili niliuliza kwanza: nini tusikiguse? Kisha nikaandika nusu ukurasa tu: maji yanapanda, matete yanatikisika, mamba haonekani. Mengine waliyazua wenyewe, na niliyekuwa nimempangia kuokoka ndiye aliyeliwa. Walipiga mayowe mpaka jirani akagonga mlango.

Yule aliyetoka siku ile alikuwepo. Niliposema "Paukwa", sauti yake ndiyo iliyotangulia.