Jani la mpera mbele ya bakteria

Mjini Kindu, mtoto akiharisha, kuna nyumba zinazoanza na majani ya mpera: yanachemshwa, mtoto ananyweshwa maji yake. Kulipima jani hilo maabarani ni kazi ya mikono, nami naiheshimu sana, kwa kuwa karibu kila hatua yake imewekwa ili mpimaji asijidanganye.

Inaanzia kivulini. Hewa ya kando ya mto Lualaba ina unyevu mwingi. Jani likichelewa kukauka huota ukungu, na jua kali huharibu baadhi ya kemikali zake. Basi hutandazwa safu nyembamba, likageuzwageuzwa mpaka livunjike likifinywa. Kisha husagwa, unga ukalowekwa kwenye ethanoli, ukachujwa, na ethanoli ikavukizwa taratibu hadi libaki dondoo zito lenye kunata.

Raha yangu iko kwenye sahani. Agari ya Mueller-Hinton, jeli ya kuoteshea bakteria, humiminwa kwa kimo cha milimita 4. Ikizidi, dawa huzama badala ya kutambaa, na duara tupu ambamo bakteria hawaoti hupungua. Bakteria, tuseme Staphylococcus aureus, huchanganywa na maji ya chumvi mpaka utusitusi wa mchanganyiko ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, takriban seli milioni 150 kwa mililita. Kijiti cha pamba huchovywa humo, hukamuliwa ubavuni mwa mrija, halafu hupitishwa juu ya agari yote mara 3, sahani ikizungushwa digrii 60 kila mara. Mkono usiotulia huonekana kesho yake: michirizi mitupu.

Vishimo hutobolewa. Kimoja hutiwa dondoo lililoyeyushwa tena, kingine antibiotiki inayojulikana, kingine kiyeyushi kitupu. Hicho cha mwisho ndicho ninachokistahi. Kikizungukwa na duara, mpera hauwezi kusifiwa, na kazi hurudiwa.

Baada ya saa 18 hadi 24 za joto la nyuzi 35 hivi (umeme usipokatika), kipenyo cha duara hupimwa kwa milimita. Hata hapo, duara peke yake halitoshi. Tanini, ambazo jani la mpera linazo kwa wingi, ni molekuli kubwa na hutambaa polepole, kwa hiyo duara dogo laweza kuficha dawa kali. Mpimaji makini huhamia kwenye mirija ya mchuzi wa kuoteshea bakteria, akilipunguza dondoo nusu kwa nusu hadi apate kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota. Kutoka kwenye mirija ambamo hawakuota huchota tone, akalipanda kwenye agari isiyo na dawa, akasubiri siku nyingine. Wakiota, dondoo liliwazuia tu, halikuwaua.