Kikombe Bila Chai: Uhakiki wa Michezo ya Karakana Moja ya Karatu

Tangu mwaka wa kwanza tumekuwa tukibishana darasani juu ya fani na maudhui. Wapo wanaosema fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo ndani yake. Wapo wanaosema hapana, hivyo ni pande mbili za sarafu moja, huwezi kuubandua upande mmoja ukabaki na sarafu. Mimi nilikuwa wa kambi ya sarafu, na ndivyo nilivyojibu katika mitihani. Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Karatu nikakuta watu wanauza vikombe vitupu kandokando ya barabara iendayo Ngorongoro, tena wanapata wateja. Nikaona kumbe suala hili bado halijaisha.

Makala haya yanahakiki kazi za karakana moja ndogo ya sanaa na michezo ya mezani. Mwenye karakana ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Nautaja undugu huo mapema ili msomaji asije akasema nimeuficha. Karakana ni chumba kimoja na watu watatu: mmoja anachonga, mmoja anachora, mmoja anapiga msasa na kupaka polishi. Wanatengeneza mabao, mbao za drafti, na michezo wanayoibuni wenyewe. Hawana mfadhili wala bosi. Kuanzia Julai hadi Oktoba magari ya watalii yanapita kwa wingi na mambo yanakwenda. Ikifika masika, Aprili na Mei, wanakula akiba.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: haya yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi? Yanamhusu. Mchezo una wahusika, una mgogoro, una kilele na una mwisho. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitumia bao katika ushairi wake, nasi tunamsoma bila kuuliza kama bao ni fasihi. Ninachotaka kukijadili ni kimoja tu: katika mchezo, chai ni kanuni. Karakana inayouza ubao bila kanuni, au yenye kanuni za kuazima, inauza kikombe.

Tuanze na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji anatawala safu mbili. Kati ya kete zake 32, kumi tu ndizo zinazokaa ubaoni mwanzoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zinabaki mkononi, na anaziingiza moja moja kila zamu yake inapofika. Hiyo ndiyo hatua ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unabadilika, watu wanaanza kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi, kuna mtaji, kuna kutakata, kuna kulala. Ukimmaliza mwenzako kete zake zikiwa bado hazijaisha mkononi, umemfunga mkononi, na hiyo ni aibu ya kusimuliwa barazani. Ukimwachia safu ya mbele tupu, ni hamna. Mwenye nafasi ya kula lazima ale, hana hiari. Lakini katika kunamua, mbegu ya mwisho ya anayekula ikiangukia kwenye nyumba yake iliyo hai, anaweza kuchagua: alale hapo, akiba yake ikae salama, au aichezeshe nyumba na kutawanya kila alichoweka. Kwangu mimi hapo ndipo penye kilele cha bao. Mchezo mzima unakulazimisha, halafu mlangoni mwa nyumba yako unakuuliza: je, utahatarisha?

Sasa, mabao ya kaka ni mazuri, na sisemi hivyo kwa undugu. Anachonga kwa mninga, mashimo yake yanalingana, na nyumba anaichonga ya pembe nne kama inavyotakiwa. Lakini mtalii alikuwa analinunua, analifunga kwenye gazeti, anakwenda nalo Ulaya kuwekea karanga. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, wewe si msomi? Niandikie kanuni kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, usizidi."

Niliandika. Ili zienee ukurasa mmoja nikaondoa kunamua, nikaondoa nyumba, nikaondoa habari za kichwa na kimbi. Nikaweka kete mbili katika kila shimo, watu waanze kula. Karatasi ikapigwa nakala, ikawekwa ndani ya kila bao, na mauzo yakapanda. Nilijiona mtu.

Siku moja akapita mzee mmoja mzaliwa wa Tanga, dereva mstaafu, akaisoma ile karatasi akiwa amesimama. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Hii umeandika wewe?" Nikakubali. Akasema, "Hili ni bao la kujifunza. Sisi tulianzia hapa tukiwa watoto. Lakini sisi tulikuwa na mtu wa kutuambia kwamba liko jingine. Huyu mzungu wako nani atamwambia?"

Alinikamata hasa. Bao la kujifunza ni mchezo halali wa jadi, na ni kweli huanza na kete mbili kila shimo. Kwa hiyo kosa langu halikuwa kurahisisha, maana wenye bao wenyewe walirahisisha kabla yangu. Kosa ni kwamba wao walijenga ngazi, mimi nikajenga ukuta. Karatasi yangu ilisema "hili ndilo bao", ikanyamaza.

Nisijione peke yangu, yapo yaliyonitangulia. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion Jr. alibuni mchezo aliouita Kalah, wa safu mbili za mashimo sita na ghala moja kila upande. Ni mchezo mzuri, watoto wanaupenda. Lakini leo watu wengi ughaibuni wakisikia habari za michezo ya mashimo na mbegu ya Afrika, huo ndio wanaoujua, na hawajui kwamba huku kuna mtu anayekaa na kete 22 mkononi akiwaza nyumba yake. Urahisi ukishasafiri, haurudi kuaga.

Mfano wa pili unatoka karibu zaidi, kule chini Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola kwenye vitunguu. Wahadzabe wana mchezo uitwao lukuchuko. Wanaume wanachukua vipande vya gome la mti, kila mmoja chake, pamoja na kipande kimoja kikubwa ambacho ndicho mkubwa wao. Vyote vinarushwa kwa pamoja kwenye shina la mti. Gome lina upande laini na upande wa kukwaruza. Ambaye kipande chake peke yake kimelala sawa na kile kikubwa, ndiye mshindi. Ukiisha mchezo unaweza kuyaacha magome pale pale.

Kama tungehukumu kwa kikombe, lukuchuko si kitu, maana vifaa vyake ni takataka za porini. Chai yake iko katika dau. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuwatafiti Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, anaeleza kwamba wanawekeana mishale yenye vyembe vya chuma, sumu ya mishale, visu, mawe ya viko. Lakini upinde hauwekwi dau, wala mishale ya mti ya kuwindia ndege, wala mfuko wa ngozi. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kuondoka mchezoni akashindwa kujitafutia chakula kesho. Katika makala yake ya mwaka 1982 juu ya jamii za usawa, Woodburn anaonyesha kwamba mchezo huu unazungusha vitu adimu toka sehemu moja hadi nyingine na unamzuia mtu kujilimbikizia. Aliyeshinda leo anasumbuliwa acheze tena mpaka vitoke. Jamani, huo ni ubunifu wa hali ya juu: kanuni mbili tatu tu, na ndani yake mna falsafa nzima ya mali.

Kaka aliposikia nikimsimulia, macho yakamng'aa. "Tutengeneze. Visahani vitano vya mpingo, kiboksi, picha ya mwindaji juu." Nilimkatalia, tukanuniana siku mbili. Hoja yangu ilikuwa kwamba ukiiondoa mishale inabaki shilingi ya kurusha, kichwa au mwenge. Tena tutakuwa tumeweka picha ya watu juu ya kitu ambacho wao wenyewe hawatakitambua, na faida haitafika Eyasi. Hoja yake ilikuwa fupi: "Kanuni haziliwi, mdogo wangu." Sikuwa na jibu la haraka, maana mchele niliokuwa nakula siku hizo ulikuwa wa kwake.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba namlaumu msanii kwa kuuza. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, alikuwa anatafuta riziki, na wageni walikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake bado unalisha familia nyingi, ikiwemo ya mchoraji wa karakana hii. Suala ni nini kimo ndani ya kinachouzwa.

Hapo nafika kwenye kazi ninayoiona kubwa kuliko zote za karakana hii, mchezo walioubuni wenyewe na kuuita Kreta. Ubao wake umechorwa kwa mtindo wa Tingatinga: faru, nyumbu, simba, heroe wa waridi ziwani. Wachezaji wanarusha dadu, wanateremka kreta kwa njia ya Seneto, wanazunguka, wanapanda kwa njia ya Lerai, kama magari yanavyofanya kweli. Kuna kadi: umemwona faru, songa hatua tatu; umepata pancha, kosa zamu.

Kwa macho ni kazi safi. Lakini kanuni zake ni za nyoka na ngazi. Mchezaji haamui chochote, dadu linamwendesha. Nikafikiri kwanza kwamba huo ni udhaifu wa fani. Baadaye nikaona kwamba fani na maudhui vimelingana kuliko msanii alivyokusudia: mtalii naye haamui chochote, anaendeshwa, anaonyeshwa, anapandishwa. Mchezo unasema kweli, ila ni kweli ya mtu wa kwenye kiti cha nyuma.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ubao mzima hauna mtu, na hauna ng'ombe. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 ilitengwa na Serengeti kusudi wafugaji waishi humo pamoja na wanyamapori. Kilimo kikapigwa marufuku mwaka 1975. Tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na mjadala wake kila mtu ameusikia. Mchezo wa Kreta umekwisha kuwahamisha wote, kwa brashi tu. Nilipomuuliza kaka, alicheka: "Mzungu hakuja kuona ng'ombe, kwao wamejaa. Halafu ukiweka ng'ombe umeleta siasa." Ninamheshimu, lakini hapa sikubaliani naye. Ubao usio na ng'ombe nao ni siasa, tofauti ni kwamba hauonekani kuwa siasa.

Basi tukajaribu. Kwa katoni na vizibo vya soda tulitengeneza mchezo wa watu wawili, mmoja ana ng'ombe, mmoja ana nyumbu, majani na maji ni yale yale. Kanuni kuu tuliichukua kwa wafugaji: kati ya Januari na Machi nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za majani mafupi, ndama wao wana ugonjwa unaoua ng'ombe, kwa hiyo Mmaasai anaondoa mifugo yake na kuipandisha juu, akiyaacha majani bora wakati yanapokuwa bora. Hapo mchezaji ana uamuzi, na uamuzi wenyewe ni elimu ya miaka mingi. Huhitaji kadi ya kumweleza mtu kwamba binadamu na mnyama waliishi pamoja kwa akili, anaicheza, anaijua.

Mchezo huo haujakamilika. Kila tulipocheza, mwenye ng'ombe alishindwa. Tukapunguza nyumbu, tukaongeza visima, akashindwa tena. Kaka akasema kanuni zangu zina ukweli kuliko burudani, na kwamba hakuna mtu atakayelipa pesa ili ashindwe. Tumeafikiana kuendelea nao masika, wakati wateja hawapo na hakuna kitakachoharibika.

Karatasi ya bao nayo nimeiandika upya. Sasa ina kurasa mbili. Wa kwanza unaitwa "Bao la kujifunza". Wa pili unaanza na kete 22 mkononi, na kaka amelalamika gharama ya nakala. Kambi ya sarafu sijaihama, ila nimepunguza kiburi. Kumbe kikombe kitupu kinauzika vizuri sana, na ndiyo maana mhakiki anatakiwa akiinamie achungulie ndani. Anayebisha, bao lipo chumbani kwangu. Aje na muda wa kutosha, maana hatutaanzia ukurasa wa kwanza.