Sukari Bila ya Maji

Hakuna neno lililochoshwa na washairi wa mapenzi wa mwambao kuliko sukari. Mpenzi ni sukari, sauti yake ni sukari, barua yake ni sukari. Na hata hasira zake, mtunzi akikosa kina cha -ri, hugeuka sukari. Neno lenyewe limeumbika kwa kazi hiyo. Lina mizani tatu tu, huingia popote katika kipande cha mizani nane, na kina chake hupatana bila ya taabu na habari, safari, bahari na hiyari. Neno jepesi hivyo ni hatari kwa mtunzi mvivu. Huja kabla ya fikra, likakaa, na shairi likaendelea kana kwamba kuna jambo limesemwa.

Wahakiki wengine wamekwisha kulalamika juu ya uchakavu huo, na dawa waliyoitoa ni moja: sukari iachwe, watunzi watafute tashbihi mpya. Dawa hiyo ni ya haraka mno. Kasoro haimo katika sukari. Imo katika namna inavyoletwa kwenye utungo: kavu, kama ilivyotoka gunani, bila ya maji, bila ya moto na bila ya kipimo. Jikoni hakuna mtu anayeijua sukari kwa namna hiyo. Mpishi humjua mwenzake sukari kuwa ni maji. Na ulimi wenyewe haushuhudii utamu wowote mpaka chembe iyeyuke katika mate. Sukari iliyowekwa juu ya ulimi uliokauka ni mchanga tu. Utamu, basi, si kitu kilichomo ndani ya sukari kikingoja kutajwa. Ni tukio baina ya vitu viwili.

Lugha inalijua hilo zaidi kuliko washairi wake. Sukari ni neno lililokuja na safari: Kiswahili kimelipokea kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi. Shira nayo ina nasaba ya Kiajemi. Lakini maji, mua na tamu ni maneno ya Kibantu, yaliyokuwapo kabla ya gunia la kwanza kushushwa bandarini. Na neno tamu halikungoja sukari ndipo lipate kazi. Mchuzi ulioungwa vizuri ni mtamu, ingawa ndani yake mna chumvi, ndimu na pilipili. Maji ya kisima yasiyo chumvi huitwa maji matamu, na mtu wa kisiwani, aliyezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa, anaelewa uzito wa jina hilo. Mfasiri anayelipeleka neno hili katika lugha nyingine hulazimika kulivunja vipande: hapa ladha ya sukari, pale chakula kilichokolea, kwengine maji yanayonyweka. Mshairi wa Kiswahili hana haja ya kulivunja. Amerithi neno pana, naye akalipunguza mpaka likatosha kijiko cha chai.

Upungufu huo huonekana zaidi ukilinganishwa na shira. Kwa anayeitazama kutoka mlangoni, shira ni kitu chepesi: vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, hiliki, pengine zafarani au maji ya mawaridi, na moto. Lita moja ya maji, hata yakiwa hayajachemshwa, huweza kumeza kilo 2 hivi za sukari bila ya kuacha chembe. Kazi huanza baada ya hapo. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Lakini kadiri yanavyopaa kwa mvuke na kuiacha sukari nyuma, ndivyo shira inavyozidi kuwa nzito na moto wake kupanda. Kwenye nyuzi 110 hivi, tone likibanwa baina ya vidole viwili na vidole vikaachanishwa, huvuta uzi mwembamba. Ikipita kidogo, tone lililoangushwa katika maji baridi hujikusanya likawa kidonge laini. Ikipita zaidi, huwa kigumu cha kuvunjika kwa meno. Hapo kaimati zimekwisha kukosa shira yao, na pengine kashata ndiyo inayoanza kupata yake.

Mama anayepika kaimati za futari hana kipimajoto. Ana vidole, ana macho ya kutazama mapovu yanavyobadilika kutoka madogo yenye haraka hadi makubwa yanayojivuta, na ana sikio. Anajua pia kwamba ndimu ina kazi zaidi ya harufu. Ukali wake huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari mbili nyepesi zaidi, na hizo huzizuia chembe zisishikane tena; ndiyo maana shira iliyotiwa ndimu hubaki laini, na iliyonyimwa huweza kuganda ikawa chengachenga. Anajua kwamba shira ikishaanza kuchemka haikorogwi ovyo, na kwamba chembe moja iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikirudi ndani huweza kuiharibu yote. Haya yote ni elimu. Ina mizani yake na ina namna yake ya kukosea na ya kusahihishwa. Si sadfa kwamba Kiswahili kimetumia neno moja, mizani, kwa kupima sukari dukani na kwa kupima mshororo.

Visheti vinatoa funzo jingine. Vikishakaangwa hutiwa katika shira iliyokolea, vikageuzwageuzwa mpaka sukari igande juu yake, nyeupe na kavu. Kuganda kule kule kulikokuwa aibu katika shira ya kaimati laini, hapa ndiko pambo lenyewe. Kwenye halua mambo hugeuka tena: wanga, sukari, maji na samli hukorogwa kwa mwiko mrefu muda mwingi, mkono usipumzike, ili pasiwe na chembe hata moja itakayosikika ulimini. Anayehukumu kuganda bila ya kuuliza ni kwa chakula gani, hajui kupika. Na anayehukumu takriri katika shairi bila ya kuuliza inafanya kazi gani, hajui kuhakiki. Neno lililorudiwa kwa uzembe ni chengachenga. Lililorudiwa kwa makusudi, wakati wake ukiwa umefika, ni kisheti.

Lakini hasara kubwa kuliko zote iko katika jozi ambayo watunzi wameizoea kupita kiasi: sukari na shubiri. Mapenzi yakiwa mema ni sukari. Yakiharibika, inaletwa shubiri. Uchungu, kwa mpango huo, hutoka nje. Ni mmea mwingine, wa shamba jingine, uliopandwa na hasidi au na mpenzi aliyebadilika. Jikoni hakusadiki hivyo. Sukari ile ile, katika sufuria ile ile, maji yakimalizika na moto usipunguzwe, hufika nyuzi 160 na kuendelea. Hugeuka rangi ya asali, kisha ya kahawa, harufu yake ikawa nzuri kuliko wakati wowote, na kitambo kidogo baadaye ikawa nyeusi na chungu. Hakuna aliyetia shubiri. Kilichotokea ni kwamba maji yaliondoka, na aliyekuwa mbele ya moto hakutazama. Ni istiara gani ya mapenzi yaliyoharibika iliyo ya kweli zaidi kuliko hiyo? Nayo imelala jikoni miaka yote, hatua chache kutoka baraza ambako watunzi wanabishana juu ya vina.

Mtetezi wa jadi atajibu kwamba shairi la mapenzi si kitabu cha mapishi, na kwamba wazee walitaja sukari na watu wakalia. Jibu hilo lina haki yake. Wazee walitaja sukari mbele ya wasikilizaji waliojua bei yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, bara na visiwani, sukari ilipangiwa foleni, na nyumba nyingi chai ilinywewa kavu. Aliyemwita mwenziwe sukari katika miaka ile hakuwa akitaja ladha tu. Alikuwa akitaja kitu cha kusubiriwa, cha kugawanywa kwa kijiko, cha kufichiwa mgeni. Uhaba ule ulilitia neno maji yake. Leo gunia limo katika kila duka la mtaa, na neno lile lile likitajwa kwa namna ile ile halipimi chochote.

Nyuma ya foleni kuna historia nzito zaidi, ambayo tungo za mapenzi zimeipita kwa ukimya. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalienea kando ya mto Pangani, na miwa hiyo ililimwa, ikakatwa na kusagwa kwa nguvu za watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Jina lake hutajwa kwa ushujaa, na ushujaa aliufanya. Waliokata miwa yake hawana majina katika ushairi wowote unaosomwa shuleni. Methali isemayo utamu wa mua kifundo haikuutenga utamu na mahali pagumu. Washairi ndio waliotenga.

Na sasa neno limepata maana ya tatu. Mtu akisema barazani kwamba fulani ana sukari, hakuna anayedhani kasifiwa. Wanaosikiliza hunyamaza, wakauliza habari ya mguu na ya macho. Nyumba ambamo babu hanywi chai ya tangawizi ila bila ya sukari, na mama anajipima damu kabla ya chakula, haiwezi kuisikia tashbihi ile ya zamani kwa sikio la zamani. Mtunzi kijana anayemwita mpenzi wake sukari bila ya kulijua hilo ameandika shairi la maombolezo pasi na kukusudia.

Je, si sababu tosha ya kuiacha? Ingekuwa hivyo, kama maana za neno zingefutana. Lakini katika shairi maana huyeyuka moja ndani ya nyingine. Neno lililopitia shamba la Pangani, foleni ya duka na kipimo cha damu limekuwa zito kuliko lilivyopata kuwa. Linataka mtunzi wa kulitia maji, si wa kulitupa.

Kuna mchanganyiko mmoja wa sukari na maji ambao ushairi wa mapenzi haujautazama kabisa, nao ni ule unaotengenezwa usiku, mtoto akiharisha. Pale pakiti za hospitali zinapokosekana, mama hupima vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja ya maji safi. Sukari hapa haikuletwa kwa ajili ya utamu. Utumbo huipokea chumvi pamoja na sukari, na maji hufuata. Bila ya sukari hiyo, maji mengi yangepita yakatoka. Elimu hiyo ilijulikana katika miaka ya 1960, na mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, iliokoa watu wengi mno. Lakini sukari ikizidishwa, kwa huruma au kwa kukisia, huyavuta maji kutoka mwilini na kumzidishia mtoto maradhi. Kijiko kimoja cha mapenzi yasiyopimwa kinaweza kudhuru. Na akina mama hufundishwa waonje kabla ya kumnywesha: maji yale yasiwe na chumvi kupita machozi.

Kipimo hicho, machozi, ndicho ambacho washairi wamekitumia kwa karne nyingi bila ya kujua kuwa kinapima kitu. Mama anakijua. Yeye ameunganisha sukari, maji, chumvi na machozi katika jagi moja, na kila kimoja kina kazi yake, wala hakuna kilichotajwa kwa ajili ya kina. Ukiulizwa mfano wa utungo uliokamilika, huo unatosha.

Kinachotakiwa, basi, si marufuku. Kinatakiwa kiasi cha unyenyekevu: mtunzi aingie jikoni, aulize. Maneno ya hatua za shira, namna inavyoitwa inapovuta uzi, inapoganda, inapokaribia kuungua, hutofautiana baina ya nyumba na nyumba, na baina ya Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa. Mengi yake yamo vinywani mwa wanawake wazee na hayajaingia katika kamusi, kwa kuwa waliotunga kamusi na waliotunga mashairi aghalabu walikaa upande ule ule wa mlango. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Washairi wamechovya katika buyu la sukari bila ya kutia kitu, na sasa wanashangaa kusikia sauti ya mti mkavu.

Bado kuna wa kuwafundisha. Jioni ya Ramadhani, kabla ya adhana, sufuria huwa iko motoni, na aliye mbele yake hanyanyui macho. Akiulizwa imekuwa tayari, hajibu kwa neno. Huchukua tone, akalibana baina ya vidole, akayatazama.