Mafuta kwa Sakafu, Rangi kwa Ubavu

Fundi alichovya kidole kwenye kopo la maji, akadondosha tone moja juu ya ubao, akainama kulitazama. Tone lilikaa kidogo kama ushanga, likatanuka, likazama. Akasogea shibiri mbili kuelekea mlango wa nyuma, akadondosha jingine. Hilo halikukaa kabisa. Ubao ulilinywa palepale, likabaki doa jeusi. Alifanya hivyo mara nane, na kila mahali akaweka alama ya chaki. Alipomaliza alimgeukia mwenye gari. "Vanishi imebaki palipokuwa na mabenchi tu, mwanangu. Kwingine kote ni mbao tupu."

Gari lenyewe ni pikapu iliyojengewa bodi ya mbao, ya aina ambayo watu wa Unguja wameipanda miaka mingi kwenda shamba: mabenchi marefu yanayotazamana, ubavu wazi, paa la chini la kubebea mizigo. Hili limeacha kuchukua abiria. Mabenchi yameng'olewa, na sasa linabeba mwani mkavu, matenga ya samaki, magunia ya unga, na siku nyingine mawe ya kujengea. Sakafu yake ni ya mninga ulioletwa kutoka bara. Kijana mwenye gari alikuja na ombi moja: apakiwe kitu kitakachodumu.

Karakana iko Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, mahali panapojulikana kwa uundaji wa majahazi. Fundi mwenyewe ujana wake ulipita kwenye majahazi kabla hajageukia bodi za magari, na bado anaziita boriti zinazoshika sakafu mataruma, kama mbavu za chombo. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nilikaa juu ya kigogo pembeni ya kazi yake kwa siku kadhaa, nikitazama.

Hakukimbilia kopo lolote. Alimchukua kijana hadi nyuma ya karakana, kwenye ukuta unaotazama bahari, akamwonyesha vipande vinne vya mninga vilivyopigiliwa misumari tangu kabla ya masika. Kila kipande kilipakwa kitu chake, kisha kikachanjwa kwa ncha ya msumari kutoka juu hadi chini. "Gari linalobeba mawe litakwaruzwa," alisema. "Basi nimeanza na mkwaruzo."

Kipande cha kwanza kilikuwa na rangi ya mafuta. Pasipochanjwa, rangi ilishika vizuri, na hilo halishangazi: chembe za rangi huzuia mwanga wa jua usiufikie ubao, na jua ndilo linaloanza kuula. Lakini kando ya mchanjo maji yalikuwa yameingia chini, rangi ikavimba. Cha pili kilikuwa na vanishi ya vyombo vya baharini, ambayo hutengenezwa iwe laini kiasi cha kufuatana na ubao unapotanuka na kusinyaa. Kiling'aa kuliko vyote. Mchanjo wake, hata hivyo, ulikuwa mstari mweusi, na kingo zake zilibanduka kama ganda la kitunguu.

Cha tatu kilipakwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka injini, ambayo watu wengi hupaka nguzo za ua ili mchwa usizile. Mchanjo haukuonekana. Fundi akakisugua kwa kitambaa cheupe. Baada ya miezi yote ile kitambaa kilitoka cheusi. Oili ya injini haikauki, na imebeba masizi na chembe za chuma. Mahali panapolazwa gunia la unga hapawezi kupakwa kitu hicho, hata kama ni cha bure.

Cha nne kilikuwa na mafuta ya kitani, ambayo dukani huitwa linsidi. Kilikuwa kimepauka na kuwa kijivu, na kwa macho yangu ndicho kilichoonekana hafifu kuliko vyote. Fundi akakisugua kidogo kwa msasa, akatia tone la mafuta, akalisambaza kwa kidole gumba. Wekundu wa mninga ukarudi mbele yetu, na mchanjo ukamezwa. "Vyote vinne vitachoka," alisema. "Mimi natazama kipi kikichoka naweza kukirudisha bila kukwangua gari zima."

Kijana akauliza, "Babu, mbona tusipake sifa, kama jahazi?" Lilikuwa swali la haki. Sifa, mafuta ya papa, imelinda mbao za majahazi vizazi kwa vizazi, na inafanya kazi kwa njia ileile ya kuingia ndani. Fundi alimjibu kwamba harufu yake ingehamia kwenye magunia. Kisha akatoa uamuzi: sakafu, inayokwaruzwa kila siku, itapakwa mafuta, mbao za ubavuni, ambazo jua linazipiga lakini mizigo haiziburuzi, zitapakwa rangi.

Kazi ikaanza kwa kubomoa. Boliti zilikuwa na kutu, kwa hiyo alizidondoshea mafuta ya taa jioni, akazifungua asubuhi kwa spana bila kuvunja hata moja. Mbao zilikuwa tisa. Kabla ya kuinua kila ubao aliuchanja kwa patasi upande wa chini: mchanjo mmoja, miwili, mitatu, hadi tisa, ili kila mmoja urudi palepale ulipotoka. Akaziosha kwa maji baridi ya kisima kuondoa chumvi, kwa maana chumvi iliyobaki ndani ya ubao huendelea kuvuta unyevu hata chini ya mafuta. Akazipanga kivulini, vijiti vikiwa katikati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Angeziweka juani, upande mmoja ungetangulia kukauka na ubao ungepinda.

Kila asubuhi alichukua ubao wenye michanjo mitano, akauweka kwenye mizani ya kupimia mwani, akaandika uzito ukutani kwa penseli. Siku nne za mwanzo uzito ulishuka. Siku ya sita na ya saba namba ilikuwa ileile. Hapo ndipo alipochukua randa.

Alipitisha kiganja kwanza, akitafuta nyuzi za ubao zinaelekea wapi, kisha akasukuma randa kuzifuata. Vanishi ya zamani ilitoka kama unga wa njano, na chini yake zikaja taka ndefu za mninga, nyepesi kiasi kwamba upepo wa bahari ulizichukua. Baada ya randa ikaja msasa: namba 60, namba 80, kisha 120, na hapo akaacha. Nilidhani angeendelea hadi ubao uwe kama kioo. Alinieleza kwamba ubao uliosuguliwa kupita kiasi hunywa mafuta kidogo, na sakafu inayoteleza humwaga mzigo barabarani.

Mafuta aliyoyatumia ni yale yanayouzwa kwa jina la kitani iliyochemshwa. Jina ni la zamani. Ya dukani leo kwa kawaida hutiwa dawa za kuharakisha kukauka. Yale mabichi yangekaa wiki nyingi yakinata, na katika hewa nzito ya pwani yangekaribisha kuvu. Kwa mkono wa kwanza alichanganya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, ili yawe mepesi na yazame mbali.

Alianza na vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokatia. Nilipouliza, alinionyesha vitundu vidogo vya nyuzi vilivyosimama wazi kama midomo ya mirija. Huko ndiko ubao unakonywa maji zaidi, kwa hiyo huko ndiko alikopaka mara tatu kabla ya kugusa kwingine. Kisha upande wa chini, kingo mbili, na mwisho upande wa juu. Ubao una pande sita, na ukipakwa upande mmoja tu, unyevu utaingia kwa mwingine na kuukunja. Hata matundu ya boliti aliyapaka, kwa kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti.

Akasubiri kama nusu saa. Palipokauka aliongeza, palipobaki na unyevunyevu alifuta kwa kitambaa kikavu, akibonyeza kwa nguvu, hadi mkono wangu ulipopita juu bila kulowa. Mafuta yanayobaki juu hugeuka utando unaonasa vumbi. Yaliyoingia ndani hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani na kugandamana, na kazi hiyo haiharakishwi. Alingoja siku tatu. Mkono wa pili ulikuwa na tapentaini kidogo. Akangoja tatu nyingine. Wa tatu ulikuwa mafuta matupu, membamba kama jasho.

Kila jioni, kabla ya kunawa, alikusanya matambara yote yenye mafuta na kuyatandaza moja moja juu ya mawe, nje, mbali na taka za randa. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na matambara yaliyorundikwa kwenye kona yanaweza kuwaka moto yenyewe, bila kiberiti. Sikumwona akilisahau hilo hata jioni moja, wala hakumwachia mwanagenzi wake.

Siku ya kurudisha mbao alifuata michanjo yake, mmoja hadi tisa. Katikati ya ubao na ubao alisimamisha msumari mmoja kama kipimo, akakaza boliti mpya zilizopakwa zinki, kisha akauchomoa. Mwanya ule ndio unaoruhusu mbao kutanuka wakati wa masika na maji kushuka chini. Waunda magari wa Marekani waliijua kanuni hiyohiyo: kwenye pikapu za zamani za Chevrolet zenye sakafu ya mbao, kati ya mbao ziliwekwa tepe za chuma zilizoshika kingo huku zikiziachia nafasi ya kusogea.

Mwisho alileta lile kopo la maji. Alipita kwenye sehemu zilezile nane na kudondosha tone kila moja. Yote yalisimama. Aliyaangalia kwa muda, akayafuta kwa kitambaa, akamwita kijana.

Hakumwahidi kwamba kazi imekwisha. Alimpa chupa ya nusu lita ya mafuta, kipande cha msasa namba 120 na maagizo mafupi: mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, osha kwa maji baridi, kausha, jaribu kwa tone la maji, na pale litakapozama sugua na upake. Ni kazi ya alasiri moja. Nawe msomaji, kabla hujanunua kopo la kupaka ubao wako, tundika vipande vyako ukutani, uvichanje, uviache vipigwe na jua na mvua, kisha urudi kuvitazama.